Bei ya saa ya zamani iliyokarabatiwa: naongeza wapi, nakata wapi

Muuzaji akiniambia saa "imekarabatiwa kabisa, kama mpya", mimi huanza kukata bei, siongezi. Wateja wengi hulishangaa hili. Saa iliyofufuliwa itakuwaje rahisi kuliko ile iliyochakaa?

Jibu linategemea kilichokarabatiwa ni nini. Kuna kazi ya ndani, yaani mashine kufunguliwa, kuoshwa, kutiwa mafuta na kuwekewa springi mpya. Na kuna kazi ya sura: uso kupakwa rangi upya, kasha kusuguliwa mpaka liwake. Ya kwanza hurudisha gharama yake, si zaidi. Ya pili hula thamani, na hula vibaya.

Kwa hiyo naanza na saa ya aina ileile, namba ileile ya modeli, ambayo sura yake haijaguswa, kisha natafuta iliuzwa kwa kiasi gani. Nasema iliuzwa. Bei anayoitaja muuzaji kwenye tangazo ni matumaini yake tu; nyumba za mnada hutangaza bei zilizolipwa kweli, na hizo ndizo ninazozifuata. Nikiipata hiyo, ndipo nashika lenzi.

Lenzi inaenda kwenye uso kwanza, maana humo ndimo pesa zimelala. Chukua saa ya Rolex Daytona, modeli namba 6239. Zote zina mashine ya aina moja ndani, Valjoux 72, ila chache zilitoka kiwandani na uso wa mtindo tofauti, na hizo huuzwa mara kadhaa ya zile za uso wa kawaida. Ile aliyoimiliki mwigizaji Paul Newman ilipigwa mnada New York mwezi Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Jina la mwenyewe lilisaidia sana, bila shaka, lakini hata zisizo na mwenyewe maarufu hulipiwa kwa sababu ya kile kipande chembamba cha bati kilichopakwa rangi.

Uso uliopakwa upya hujisaliti kwenye maandishi. Herufi za kiwandani zina kingo kali na unene sawa. Za kurudiwa huwa zimevimba, au mstari wa dakika hauendi sambamba na alama ya saa iliyo juu yake. Angalia na neno "Swiss" chini ya alama ya 6 usoni: kama limepanda juu kupita kawaida ya modeli hiyo, uliza kwa nini.

Kisha rangi ya kung'aa gizani. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitumika radiamu, halafu tritiamu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 (zote mbili ni vitu vyenye mionzi), na saa nyingi za Uswisi zenye tritiamu zina herufi T karibu na neno "Swiss". Saa ya mwaka 1955 yenye T usoni imebadilishiwa uso, au umechorwa upya. Tritiamu nayo hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo, hivyo saa yenye umri wa miaka 60 imebakiwa na takriban asilimia 3. Ikiwa yako inawaka usiku kucha, rangi hiyo ni ngeni. (Radiamu ni jambo jingine: hata ikiacha kung'aa bado inatoa mionzi, na vumbi lake ni hatari. Usiikwangue kamwe.)

Kwenye kasha natazama pembe nne zinazoshika mkanda. Kingo zikiwa zimeyeyuka, matundu ya pini yakiwa yamekaribia ukingo, msasa umepita sana. Chuma kilichosuguliwa hakirudi.

Mashine ndiyo rahisi kuipima, kwa kuwa ina namba. Naomba vipimo vya kifaa cha kupimia mwendo, saa ikiwa imetiwa ufunguo mpaka mwisho na kulazwa chali. Mashine nyingi za zamani zilizohudumiwa vizuri huzungusha balansi, lile gurudumu linaloyumba kwenda na kurudi, nyuzi 270 hivi kila upande, na tofauti ya mapigo ya kwenda na kurudi haifiki milisekunde 1. Chini ya nyuzi 220, nahesabu kwamba kazi bado haijafanyika, nami nakata gharama nzima ya huduma. Stakabadhi ya fundi bila vipimo hainishawishi. Neno la kustahimili maji silitilii maanani hata kidogo. Mkono wenye saa ya zamani usiingie kwenye ndoo.

Hesabu yangu mwenyewe, ambayo si sheria: uso uliopakwa upya unaondoa nusu ya bei ya kuanzia, wakati mwingine zaidi kwa modeli zinazowindwa na wakusanyaji. Kasha lililosuguliwa kupita kiasi linaondoa robo ya kilichobaki. Huduma iliyothibitishwa narudisha kwa gharama yake. Namlegezea muuzaji pale tu uso wa awali ulipokuwa umeoza kwa unyevu kiasi cha kutosomeka. Hapo saa inakuwa ya kuvaa, si ya kukusanya, na naipa bei ya saa ya kuvaa, mradi aseme wazi kwamba uso umechorwa upya. Asiposema, nikagundua mwenyewe kwa lenzi, sinunui hata akishusha bei, kwa sababu sijui ni nini kingine kimefichwa chini ya mfuniko.