Kwa nini mapinduzi ya Iran yalisonga mbele kila baada ya siku 40?

Ukitaja mapinduzi ya Iran, wengi hukumbuka ndege ya Air France iliyotua Tehran tarehe 1 Februari 1979 ikiwa na Ayatollah Khomeini, kiongozi wa dini aliyekuwa uhamishoni. Ndiyo maana husimuliwa kwamba mzee alirudi, akamng'oa Shah, yaani mfalme. Tarehe zinakataa. Shah Mohammad Reza Pahlavi alikuwa ameshaondoka nchini tangu 16 Januari. Na mwaka mzima wa 1978, utawala wake ulipokuwa ukibomoka, Khomeini hakuwapo Iran. Alihamishwa kwa nguvu mwaka 1964, akaishi Najaf nchini Iraq kuanzia 1965 hadi Oktoba 1978, kisha akahamia kijiji kimoja nje ya Paris. Hotuba zake ziliingia nchini kwa kaseti. Kaseti huchochea hasira, lakini haiwapangi watu wa miji kadhaa wajitokeze siku moja, tena mbele ya macho ya SAVAK, polisi wa siri wa Shah.

Nani basi aliyepanga siku? Kwa kiasi kikubwa, marehemu.

Tarehe 7 Januari 1978 gazeti la Ettela'at lilichapa makala ya kumkashifu Khomeini, chini ya jina la kubuni. Siku mbili baadaye wanafunzi wa dini wa mji wa Qom waliandamana, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Wangapi? Hadi leo watu wanabishana.

Aliyewahi kufiwa pwani yetu hahitaji kuelezwa kilichofuata. Arobaini haina kadi ya mwaliko. Kila aliyehudhuria mazishi anahesabu siku mwenyewe, wa mbali anatafuta nauli mapema, na mahali pa kukutania panajulikana. Iran nayo huadhimisha siku ya 40. Tangu 1975 Shah aliruhusu chama kimoja tu, Rastakhiz, na mikutano ya wapinzani ilizimwa. Lakini serikali gani itakayowakataza watu kumwombea maiti wao?

Tarehe 18 Februari, arobaini ya waliokufa Qom, watu wa Tabriz waliukuta msikiti umezuiwa na polisi. Yakazuka mabishano, kijana mmoja akapigwa risasi, na mji ukalipuka: benki, majumba ya sinema, maduka ya pombe na ofisi za Rastakhiz vilishambuliwa. Wakafa wengine. Hesabu ikaanza upya. Mwishoni mwa Machi ikawa zamu ya Yazd na miji mingine, na karibu tarehe 9 Mei watu wakaingia tena mitaani, Qom ikiwamo. Yaani kila askari wa Shah walipofyatua risasi, walikuwa wanawapangia wapinzani tarehe ya mkutano ujao. Sijui utawala mwingine uliowafanyia maadui zake kazi ya ukatibu kwa uaminifu kiasi hicho.

Hata hivyo mpangilio huu usitupumbaze. Tarehe 17 Juni, siku ya mzunguko uliofuata, viongozi wa dini akiwamo Ayatollah Shariatmadari waliwaomba watu wabaki majumbani. Wakabaki, na mnyororo ukakatika. Arobaini iliwapa watu siku na mahali. Hasira zenyewe zilitoka kwingine: mfumuko wa bei uliofuata pesa nyingi za mafuta za baada ya 1973, mateso ya SAVAK, na mfalme aliyerudishwa madarakani kwa mapinduzi ya 1953 yaliyosaidiwa na Marekani na Uingereza.

Hasira hizo zilirudi Agosti, sinema ya Rex mjini Abadan ilipochomwa na mamia wakafia ndani. Lawama zilimwangukia Shah papo hapo, ingawa ushahidi wa baadaye unaelekea kwa wapinzani wenye msimamo wa dini. Tarehe 8 Septemba jeshi likaua watu katika uwanja wa Jaleh, Tehran. Uvumi ulitaja maelfu. Hesabu za baadaye zilikuta chini ya mia.

Arobaini ya Jaleh, katikati ya Oktoba, ilikuja na sura mpya: watu waligoma. Maduka yakafungwa, na askari hawakuwa na umati wa kuupiga risasi. Wafanyakazi wa visima vya mafuta nao wakaweka zana chini, na uzalishaji ukaporomoka kutoka karibu mapipa milioni 6 kwa siku hadi chini ya milioni 2. Tarehe 11 Februari 1979 jeshi likatangaza kwamba haliegemei upande wowote.