Leza ya kuharakisha breisi: meno yanakimbia kweli au unalipia mwanga tu?

Swali linalokuja sana kliniki siku hizi, hasa kwa vijana wanaotaka breisi, yaani waya za kunyoosha meno, zitoke kabla ya harusi, ni hili la leza. Eti kuna mwanga ukimulikwa kwenye fizi meno yanakimbia na breisi unavua mapema. Jibu langu: inaweza kuongeza mwendo kidogo, ila sio kama matangazo yanavyosema, na simshauri mtu aingie deni kwa ajili yake.

Tuelewane kwanza, hii sio ile leza ya kukata nyama. Nguvu yake ni ya miliwati, haichomi, wengi hata joto hawasikii. Mwanga wenyewe mara nyingi urefu wa wimbi lake ni nanomita 780 mpaka 860 hivi ambao jicho karibu halioni kabisa, so usishangae daktari kashika kitu kama kalamu kwenye fizi yako na huoni chochote kinawaka. Miwani ukipewa vaa, usiitoe uchungulie, maana jicho haliwezi kufumba kwa mwanga ambao halijauona.

Sasa jino linasogeaje? Waya inasukuma, upande unaobanwa zinakuja seli zinaitwa osteoklasti zinakula mfupa, upande wa nyuma osteoblasti zinajenga mwingine. Ni kazi ya taratibu. Chonge ikirudishwa nyuma baada ya kung'oa gego dogo inatembea kama milimita 1 kwa mwezi, na pengo lenyewe ni milimita 7 hivi, piga hesabu mwenyewe. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba leza inanyonywa na mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli, nishati inaongezeka, basi hizo seli zinazokula na zinazojenga zote zinachangamka.

Mwaka 2004 watafiti wa Brazil walijaribu kwa watu 11, mtu yuleyule upande mmoja wa mdomo leza upande mwingine bila, na chonge za upande wa leza zikaenda haraka zaidi kwa karibu theluthi moja. Safi. Mwaka 2006 Thailand nao wakajaribu, wakatoka patupu, hakuna tofauti, na wenyewe wakahisi dozi, yaani kiasi cha mwanga unaoingia, ilikuwa ndogo. Hapo ndo penye shida yote, dozi. Ikipungua haifanyi kitu, ikizidi inaweza hata kupunguza kasi, na kila utafiti unakuja na mashine yake na mipimo yake. Ndo maana Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzipima, mpaka ripoti yao ya 2023 bado wanasema ushahidi una uhakika mdogo.

Halafu kuna hesabu ambayo watu hawaipigi. Wale wa Brazil walimulikwa mara 4 kwa mwezi, pointi 10 kuzunguka mzizi wa jino, sekunde 10 kila pointi. Waya za kawaida unakuja kukazwa kila wiki 4 mpaka 6. Yaani badala ya nauli moja unalipa nne, na ruhusa kazini nne, bado bei ya leza yenyewe. Kwa maumivu ya siku za mwanzo baada ya kukaza hapo naielewa zaidi, kuna wagonjwa inawapa nafuu, sema hata panadol inafanya hiyo kazi.

Na mara nyingi kinachochelewesha sio mfupa jamani. Ni breketi, kile kidude kinachogandishwa kwenye jino kushika waya, imebanduka kwa mahindi ya kuchoma mtu anakaa nayo miezi miwili, ni raba haivaliwi kwa sababu inakera wakati wa kuongea.

Ukiona bado unaitaka, muulize daktari wako nanomita ngapi, dozi gani, mara ngapi kwa mwezi na bei ni ya kila mara au ya jumla, akibabaika kwenye dozi ondoka. Kama umewahi kuwa na uvimbe au kansa mdomoni, au unatumia dawa zinazofanya ngozi isistahimili mwanga, sema mapema. Na vile vikalamu vya leza vinavyouzwa mtandaoni usijimulike navyo nyumbani.