Mtoto mwenye mrija shingoni halii kwa sauti

Mimi ni nesi wa watoto wenye shida za njia ya hewa, na kazi yangu kubwa ni kufundisha wazazi kabla hawajaruhusiwa kwenda nyumbani na mtoto aliyefanyiwa trakeostomi, yaani ule upasuaji wa kutoboa koo na kuweka mrija apumulie hapo. Kitu ninachokirudia mpaka wazazi wananichoka ni hiki: mrija ukiziba hutamsikia. Hewa yake inatokea kwenye mrija kabla haijafika kwenye nyuzi za sauti, kwa hiyo analia, mdomo umefunguka, machozi yanatiririka, na sauti hakuna. Wewe uko jikoni yeye yuko chumbani, utajuaje? Ndo maana nataka watu wawili wafundishwe mpaka waweze, siyo mama peke yake, maana na mama lazima alale.

Sasa kwa nini unaziba. Pua inapasha hewa joto, inaipa unyevu na kuchuja vumbi, halafu mrija umeiruka pua yote, hewa inaingia kavu na makohozi yanakuwa kama gundi, tena ndani ya mrija ambao kwa mtoto wa miaka miwili upana wake wa ndani ni kama milimita 4 tu. Kigaga kidogo sana kinatosha. Kwa hiyo kile kifuniko cha kwenye mrija tunachokiita pua bandia, kinachotunza unyevu wa hewa, siyo pambo, avae, na usiku kama mmepewa mashine ya unyevu iwashwe. Ukiona makohozi ya leo ni mazito kuliko ya jana, anza kwa kuangalia unyevu na maji anayokunywa. Yakibadilika rangi au yakawa na damu mbichi, piga simu kwa timu yenu siku hiyohiyo.

Kunyonya makohozi wazazi wengi wanakuogopa kuliko kitu chochote, na mimi nawaelewa kabisa. Kina unakipima kabla, kwa kulinganisha katheta, yaani kijirija chembamba cha mashine ya kunyonya, na mrija wa akiba, iishie pale mrija unapoishia, usiende mbali zaidi unaumiza koo. Ingia bila kunyonya, nyonya wakati unatoa, sekunde 5 mpaka 10 basi, mwache apumue, ndo urudie. Mrija wa 4.0 kwa kawaida unaenda na katheta namba 8. Na usisubiri ratiba tu, mwangalie mtoto: pua zinatanuka, mbavu zinavutwa ndani, mrija unakoroma, oksijeni inashuka kwenye mashine ya kuipima.

Halafu hapa ndo naomba unisikilize vizuri. Umeingiza katheta, haipiti, mtoto anahangaika. Hapo mrija umeziba, na ninachokiona mara nyingi ni mzazi kuanza kutafuta simu au kujaribu katheta tena na tena. Hapana jamani, badilisha mrija sasa hivi! Aliye pembeni ndo apige simu. Taulo iliyokunjwa chini ya mabega ili shingo inyooke, kata kamba, toa wa zamani, ingiza mpya, chomoa kile kijiti cha kuongozea palepale kwa sababu kikibaki ndani hapumui. Ukigoma kuingia, chukua ule uliopungua nusu saizi tu, ambao lazima uwepo kwenye mkoba wa dharura kila siku. Akiwa hapumui bado, pulizia hewa kwa ule mfuko wa kubinya kwa mkono kupitia mrija na uanze kumhuisha kama mlivyofundishwa. Mrija uliobadilishwa bila sababu haumdhuru mtoto kama ulioziba ukaachwa. Nawafanyisha mazoezi haya kwenye mdoli, kisha kwa mtoto mwenyewe nikiwa nimesimama pembeni, mpaka mikono iache kutetemeka.

Umri huu wa miaka miwili nao una mambo yake, mtoto anatembea, anavuta kila kitu, anachomeka makombo na shanga kwenye tundu lolote. Kamba za shingoni ziruhusu kidole kimoja tu kupita chini yake, zikilegea atauchomoa akicheza. Kuoga ni maji machache, mkono wako haumwachii. Poda, pafyumu ya kupuliza na moshi wa sigara visiwepo nyumbani kabisa.

Na mkoba wa dharura unakaa alipo mtoto, akihamia sebuleni unahamia naye, mashine ya kunyonya ikiwa imechajiwa.