Risasi kwenye maji: elektrodi ya kaboni inavyoinasa

Nikichemsha maji, risasi haitoki?

Haitoki. Moto huua vijidudu. Risasi ni metali, na maji yakipungua kwa mvuke yenyewe hubaki imekolea zaidi. Haina rangi wala ladha, nayo huharibu ubongo wa mtoto polepole. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 10 kwa lita. Anayechota mto Nyamwamba, chini ya mgodi wa zamani wa shaba wa Kilembe, Kasese, Uganda, ana haki ya kutaka maji yake yapimwe.

Elektrodi ya kaboni, yaani kijiti kinachopitisha umeme ili kuipima risasi, hutengenezwaje?

Gramu 0.7 za unga wa grafiti, gramu 0.3 za parafini ya maji ya duka la dawa. (Si parafini ya kuwashia taa! Hiyo huvukia na kuacha nyufa.) Saga nusu saa mpaka rojo iwe nzito kama siagi ya karanga, ishindilie kwenye kijibomba cha plastiki, chomeka waya wa shaba kwa nyuma bila kufika mbele, kisha sugua uso kwenye karatasi nyororo hadi ung'ae. Kikibaki kitundu kimoja, vipimo havitalingana.

Inapimaje?

Maji hutiwa bafa ya asetati, kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi (pH) kwenye 4.5, na metali ya bismuthi kidogo, iliyochukua nafasi ya zebaki, ambayo ni sumu. Yakiwa yanakorogwa, elektrodi hupewa volti hasi 1.2 kwa sekunde 120, na risasi huganda juu yake. Kisha volti hupandishwa: kadimi, metali nyingine, hubanduka kwanza, risasi baadaye, kila moja na kilele chake kwenye grafu. Mahali pa kilele hutaja metali, urefu wake hutaja kiasi.

Mbona kipimo huweza kusema maji ni salama kumbe si salama?

Mara nyingi kosa huanzia kwenye chupa. Risasi hunata ukutani, kwa hiyo tia asidi ya nitriki palepale mtoni hadi pH ishuke chini ya 2, kisha maabara iirudishe 4.5. Tope na mabaki ya mimea huziba uso wa kaboni. Na penye shaba nyingi, shaba hugombania nafasi na bismuthi, kilele cha risasi kikafifia. Ndiyo maana hatuamini kipimo kimoja: ongeza risasi ya kiasi kinachojulikana, tuseme maikrogramu 10 kwa lita, kwenye sampuli ileile, upime tena. Kilele kisipopanda inavyopasa, kuna kinachokizuia.

Ikizidi kikomo?

Badilisheni chanzo cha maji ya kunywa na ya uji wa watoto siku hiyohiyo. Klorini na kitambaa cha kuchujia haviiondoi. Mtoto aliyeyanywa muda mrefu apelekwe apimwe risasi kwenye damu.