Moshi wa Jikoni na wa Barabarani Unaufikiaje Moyo

Wagonjwa wengi wa presha ninaowaona hapa Dar es Salaam wanajua habari za chumvi, mafuta na kumeza dawa kila siku. Hewa wanayovuta hawaizungumzii. Moshi tumezoea kuuhusisha na kikohozi na pumu, basi. Lakini vifo vingi vinavyotokana na uchafu wa hewa ya nje duniani, zaidi ya nusu, ni vya magonjwa ya moyo na kiharusi.

Vumbi tunaloliona, lile la barabara za mtaani wakati wa kiangazi, sehemu kubwa hunaswa puani na kooni. Linalonitia wasiwasi ni lile lisiloonekana: chembe zisizozidi mikromita 2.5, wakati unywele mmoja una upana wa mikromita 50 hadi 70. Chembe hizo hushuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zile ndogo kabisa hupenya kuingia kwenye damu. Mwili huzipokea kama adui. Kemikali za kinga humwagika, mishipa hukaza, presha hupanda, na damu huganda kwa urahisi zaidi. Mtu ambaye mishipa yake ya moyo tayari ina mafuta yaliyojijenga ukutani yuko hatarini hasa: utando unaofunika mafuta hayo ukichanika, damu huganda juu yake na mshipa huziba. Hewa ikichafuka sana, mshtuko wa moyo unaweza kutokea ndani ya saa au siku chache tu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza kwa chembe hizi kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, kwa wastani wa mwaka, kwa sababu madhara yalionekana hata pale hewa ilipodhaniwa kuwa safi.

Hapa jijini, fikiria Barabara ya Mandela, malori yakienda na kutoka bandarini, au foleni ya Buguruni na Tazara. Dereva wa bodaboda, trafiki na kijana anayeuza maji katikati ya magari wanashinda humo humo. Mchana upepo wa bahari unatusaidia. Usiku na alfajiri upepo hutulia na moshi hubaki chini, ukiwemo ule wa taka zinazochomwa mitaani pamoja na nailoni na chupa za plastiki. Kwa hiyo ukifanya mazoezi, usikimbie kando ya barabara kuu. Ingia mitaa ya ndani au nenda ufukweni. Mita mia mbili tatu tu kutoka barabarani, hewa hubadilika sana.

Jiko la mkaa ndilo ninalolihofia zaidi. Mkaa ukishakolea hautoi moshi mwingi, na watu huuona salama. Wakati wa masika jiko huingizwa ndani, mlango unafungwa, maharage yanachemka kwa saa nzima na zaidi. Mkaa huo unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania himoglobini, yaani kibeba-oksijeni cha damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inazunguka lakini oksijeni iliyobeba ni pungufu, na moyo wenye mishipa myembamba unalazimika kufanya kazi ileile kwa hewa kidogo. Kulala na jiko chumbani huua hata mtu mwenye moyo mzima.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Ila namwelewa mama anayenunua mkaa wa kopo kwa siku: hela ya kujaza mtungi wa gesi kwa mkupuo mmoja hana. Mama huyo namwambia apikie nje au barazani, aloweke maharage usiku kucha, afunike sufuria, na wenye presha na wajawazito wakae mbali na moto.

Mbali na moshi, joto nalo lina sehemu yake kwa mgonjwa wa presha. Kuanzia Desemba hadi Machi mwili hupoteza maji, na anayetumia dawa za kukojoza maji anaweza kuishiwa nguvu au kuzimia. Asiache dawa wala asijipunguzie dozi mwenyewe. Amuone daktari wake kabla joto halijapamba moto.

Tukirudi kwenye moshi, barakoa ya kitambaa haizuii vya kutosha zile chembe ndogo. N95, barakoa maalumu ya kuchuja chembe, ikikaa vizuri usoni huzizuia nyingi.

Na kifua kikikubana, maumivu yakapanda taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho jembamba likakutoka, usiseme ni moshi tu utapita. Toka penye moshi, mwite mtu akupeleke hospitali saa hiyohiyo, na ukifika taja kwamba ulikuwa karibu na jiko la mkaa.