Nakata si sura na mavazi tu

Picha za Hidetoshi Nakata, mwanasoka mstaafu, zinaposambaa mitandaoni, hazikosi anayesema kwamba Mjapani huyu anapendwa kwa sura na mavazi, kwamba uwanjani hakuwa lolote. Si kweli, na ni kumkosea haki.

Septemba 1998, katika mechi yake ya kwanza ya ligi ya Italia akiwa na klabu ya Perugia, aliifunga Juventus mabao mawili, ingawa timu yake ililala 4-3. Lakini mechi ya kutazama hasa ni ya Mei 2001, Roma, klabu aliyohamia, ikiwania ubingwa ugenini kwa Juventus hao hao. Roma iko nyuma 2-0. Kocha Fabio Capello anamtoa Francesco Totti, nahodha na kipenzi cha mashabiki, anamwingiza Nakata. Nakata anaachia shuti kali kutoka mbali: bao. Dakika za mwisho anapiga tena, kipa Edwin van der Sar anautema mpira, Vincenzo Montella anamalizia. 2-2, na msimu ule ubingwa ukaenda Roma.

Mitindo ilikuja juu ya hayo.

Wengine hudhani mitandao ndiyo iliyomfufua baada ya kustaafu. Hapana: alikuwa na tovuti yake tangu enzi anacheza, kabla ya Facebook kuzaliwa. Julai 2006, baada ya Japani kutolewa katika Kombe la Dunia Ujerumani, ni humo humo alimotangaza kuacha soka, akiwa na miaka 29 tu.