Je, kila tangazo la korona Uingereza lilikuwa sheria?

Wengi huamini kwamba kila lililotangazwa na serikali ya Uingereza wakati wa marufuku ya kutoka nje, mwaka 2020, lilikuwa sheria. Si ajabu, yote yalisomwa jukwaa moja. Kanuni za England zilizoanza Machi 26 zilikataza kutoka nyumbani bila sababu ya msingi, na hazikuwapa msamaha washauri wa viongozi. Lakini kikomo cha mazoezi mara moja kwa siku England kilikuwa mwongozo tu, ilhali Wales kilikuwa sheria. Hasira kuhusu Dominic Cummings, mshauri wa waziri mkuu Boris Johnson aliyesafiri wakati wa marufuku hiyo kutoka London hadi Durham, kaskazini mwa England, haikungoja kifungu cha sheria: watu walikosa mazishi ya wapendwa wao. Anayetaka kuhakiki asome kanuni kwenye tovuti rasmi ya sheria, akiangalia toleo la tarehe husika, maana zilirekebishwa mara kwa mara.